Jinsi ya kusoma kwa masafa huku unapiga kazi mwaloni

Wiki iliyopita dada mmoja anayeuza chai pale mwaloni Igombe, ufukwe wa kushushia samaki hapa Mwanza, kaniuliza, "Kaka, hivi hayo masomo yenu ya kwenye simu mtu anafaulu kweli au mnapoteza hela tu?" Nikamjibu kwa kirefu mpaka chai ikapoa, afu nikaona bora niandike kabisa maana sio yeye tu, hilo swali nimeulizwa na makondakta wa Kisesa, nimeulizwa na fundi wa mashine za boti, na mama ntilie, na vijana wa kambi za visiwani walioacha shule kidato cha 2 ambao wanadhani mlango ushafungwa. Haujafungwa. Mimi ni karani wa dagaa, kazi yangu ni kuhesabu ndoo zikishuka mtumbwini na kuandika. QT, ule mtihani wa maarifa wa kidato cha 1 na 2, nimefanya nikiwa mwaloni, kidato cha 4 nikiwa mwaloni, cheti cha biashara nikiwa mwaloni, na sasa hivi namalizia diploma na bado asubuhi utanikuta palepale nina kalamu sikioni. Kwahiyo naelekeza nilichokifanya mwenyewe.

Kitu kimoja ukishike kabla ya vyote. Wanaoacha masomo ya masafa, kwa wale niliowaona mimi, hawaachi sababu masomo ni magumu. Wanaacha sababu ya ukimya. Hakuna kengele, hakuna mwalimu wa zamu, hakuna anayekuuliza jana ulikuwa wapi, ukikosa wiki moja hakuna anayesema kitu, ya pili vilevile, ikifika wiki ya tano unaona aibu hata kufungua lile kundi la WhatsApp, na hapo ndio basi tena. Karibu kila ninachokueleza hapa chini ni namna ya kuuvunja huo ukimya: unasoma kidogo, unamweleza mtu, unakifanyia kazi wiki hiyohiyo.

Na wala sio jambo jipya huku kwetu. Wazee wa ukanda huu wanakumbuka kisomo chenye manufaa, ule mradi wa majaribio wa serikali na UNESCO ulioanza 1968 kwenye mikoa ya ziwa, makao yake yalikuwa hapahapa Mwanza, watu wazima wakajifunza kusoma na kuandika kwa vitabu vya pamba, vya uvuvi, vya migomba, yaani herufi na jembe vinakwenda pamoja. Mwalimu Nyerere akaitangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Afu 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na kwangu mimi hiyo ndio elimu ya masafa yenyewe: kipindi kinatoka redioni, watu wamekaa kikundi na kijitabu chao na kiongozi wao, wanasikiliza, wanajadiliana, wakiinuka hapo wanakwenda kuchimba choo. Walishiriki watu karibu milioni 2 nchi nzima, na wengi wao walikuwa wanavijijini ambao hawajawahi kukanyaga chuo. Mimi hii picha nimeibeba kichwani miaka yote ninayosoma. Redio sasa imekuwa simu, lakini kikundi na jembe watu wameviacha, halafu wanashangaa mbona masomo hayashiki.

Haya tuingie kazini.

Jua unagonga mlango upi

Watu wanasema "nataka kusoma onlaini" kama vile ni kitu kimoja. Sio kimoja.

Kama hukufika kidato cha 4, unaanza na QT, mtihani wa maarifa, unatungwa na NECTA, Baraza la Mitihani, kwa masomo ya kidato cha 1 na 2. Ukifaulu ndio unaruhusiwa kukaa mtihani wa kidato cha 4 kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kama kidato cha 4 ulimaliza ila matokeo hayakukaa vizuri, QT haikuhusu, unajisajili kurudia masomo unayoyataka. Usajili unakuwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani wa kidato cha 4 ni Novemba, kwahiyo ukija kuuliza mwezi wa 8 unakuwa umechelewa mwaka mzima, na kila mwaka nawaona watu wanafanya kosa hilohilo. Mwezi wa 1 uwe ushafika kituoni. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, ndio wenyewe hasa wa hii njia, na hapa Mwanza wapo. Vitabu visikutishe, vile vya kiada Taasisi ya Elimu Tanzania wameviweka bure kwenye Maktaba Mtandao yao, unasoma kwenye simu.

Na hapa naomba niseme na mabinti. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi kwenye mfumo rasmi, lakini nawajua wengi mwaloni ambao mambo yalitokea kabla ya hapo, umri umeenda, mtoto yuko mgongoni na huku anaanika dagaa. Dada yangu, hii njia ya masafa ni ya kwako kuliko ya mtu yeyote, usimwache mtu akuambie umepitwa.

Kama unataka digrii, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya bunge ya 1992 kwa kazi hiyo hasa, kina vituo mikoani na Mwanza ni mmojawapo, na kwa ambao sifa zao hazitoshi kuingia moja kwa moja kuna kozi ya msingi ya kukuvusha. Nenda kituoni na vyeti vyako mkononi uulize, usiulize kijiweni.

Kama wewe ni fundi wa mtaani, unafungua injini za boti na kuzifunga umefumba macho ila huna karatasi, nenda VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, uulizie utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Wanakupima unachokijua, wanakuonyesha pengo liko wapi, unapata cheti. Hii watu hawaijui kabisa na inaniuma, maana nimeona mafundi wazuri wanakosa kazi za maana sababu ya karatasi tu. Masafa peke yake hayawezi kukufundisha kuchomelea wala kufungua injini, nadharia utaisoma kwenye simu lakini mkono lazima ukae na fundi.

Na kama unataka ujuzi tu bila mambo ya cheti, kozi za bure ziko nyingi, mfano OpenLearn ya Open University ya Uingereza. Zinajenga kichwa. Ila usizipeleke kazini ukitegemea kupandishwa cheo.

Kabla hujatoa hata shilingi

Mimi niliwahi kulipa laki mbili na nusu kwa kozi ya miezi sita. Tangazo zuri, picha za wahitimu wamevaa majoho, mtu wa kwenye simu anaongea kwa upole anakuita ndugu yangu. Nikatuma hela kwenye namba yake. Nilisoma kwa bidii, asaimenti nikatuma zote, cheti kikaja kimepambwa kwa rangi ya dhahabu, nilipokipeleka ninakotaka kuendelea na masomo mama wa ofisini akakiangalia, akakigeuza nyuma, akaniambia kwa huruma, "Mwanangu, hiki hatukitambui." Nilikuwa nimekusanya hiyo hela ndoo kwa ndoo.

Kwahiyo fanya hivi. Chuo kikuu kiangalie kwenye orodha ya TCU, tume ya vyuo vikuu, chuo cha kati na cha ufundi kiangalie NACTVET, baraza la vyuo vya ufundi, na usitosheke kuona jina la chuo, angalia na ile kozi yenyewe ipo? Chuo kinaweza kuwa halali na kozi ikawa bado haijapata ithibati. Vyuo vya serikali utalipia kwa kontrol namba, na hata chuo binafsi kinachojielewa kitakupa akaunti yenye jina la chuo, sio jina la Fulani bin Fulani. Ukiambiwa tuma kwa namba hii leo ofa inaisha saa 6 usiku, zima simu ukalale.

Uliza na haya mapema: mtihani unafanyikia wapi, ada inaruhusiwa kulipwa kwa awamu, nikisimama mwaka mmoja kwa matatizo naruhusiwa kurudi? Wengi wetu huku hela inakuja kwa msimu, hili la mwisho ndio litakuokoa.

Ratiba: tafuta mbalamwezi yako

Hapa ndio nataka unisikilize vizuri.

Ratiba nyingi unazoshauriwa ni za watu wa ofisini, soma saa 12 hadi saa 2 usiku kila siku. Saa 2 usiku mimi mitumbwi ndio inasukumwa majini, na kuna mafuta ya kuandika na vifaa vya kuhesabu. Miezi minne ya mwanzo nilijaribu hiyo ratiba nikashindwa kila wiki, nikaamini mimi ndio tatizo.

Dagaa anavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sikuhizi wengi wana taa za sola. Mwezi ukiwa mkubwa taa inakosa nguvu, dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanapumzika, nyavu zinashonwa, wengine wanaenda kusalimia kwao. Hizo siku za mbalamwezi, kama kumi hivi, ndio chuo changu. Siku za giza natoka mwaloni saa 4 asubuhi macho mekundu, nguo zinanuka, hapo usiniambie nisome masaa mawili. Nasoma dakika 25. Naoga, nakunywa uji, naweka alamu ya dakika 25, ikilia nafunga hata kama niko katikati ya sentensi, nalala. Mbalamwezi ikiingia nasoma masaa matatu asubuhi, na asaimenti zote naandika humo.

Sasa kuna kitu nilikigundua nikiwa nimeshaumia. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, wa kalenda ukiacha Februari una 30 au 31, kwahiyo mbalamwezi kila mwezi inawahi kidogo, na chuo hakijui habari za mwezi. Mtihani unaweza kuangukia katikati ya giza lenye dagaa wengi kuliko mwaka mzima. Ratiba ya chuo ikitoka tu nakaa na kalenda nahesabu mbele, nikiona siku ya mtihani imeangukia giza namfuata mwenzangu mapema, "Kaka, tarehe fulani mpaka fulani nishikie daftari, na mimi giza linalofuata nakushikia." Ukimwambia mtu miezi miwili kabla anakubali, ukimwambia juzi anakukatalia na ana haki.

Wewe sio lazima uwe wa dagaa. Kondakta ana yale masaa gari liko gereji. Mama ntilie kuanzia saa 9 mchana sufuria zishaoshwa na wateja wa jioni bado. Bodaboda anakaa kijiweni masaa anasubiri abiria. Mwenye duka ana Jumatano zake ambazo hakuna anayenunua. Kaa wiki moja na kipande cha karatasi uandike ni saa ngapi mwili na kazi vinakuachia nafasi, usiandike unavyotamani iwe, andika ilivyokuwa. Afu soma hapohapo kila mara, sehemu ileile, hata kama ni juu ya kreti la soda nyuma ya kibanda.

Na mwambie mwenzako wa ndani kwa uwazi. Mimi mke wangu alidhani nachati. Nilipomkalisha nikamwonyesha ni ukurasa gani nasoma na umebakia upi, sasa hivi yeye ndio ananiambia, "Baba Neema, leo hujasoma."

Bando na mtandao

Fanya hesabu usiogope jina la onlaini. Vidio inayotazamwa kwa ubora wa kawaida inakula mamia ya MB kwa saa. Kikao cha mubashara na kamera ziko wazi kinaweza kupita nusu GB kwa saa moja. Lakini sauti peke yake ya kilobiti 64 kwa sekunde ni kama MB 29 tu kwa saa nzima, na PDF ya moduli nzima mara nyingi ni MB chache. Kwahiyo vidio iwe dawa ya sehemu iliyogoma kuingia kichwani, sio chakula cha kila siku. Kwenye kikao zima kamera yako, na wenzako wakikubali mmoja arekodi sauti awarushie.

Kule kambini nilikokaa mwaka wa kwanza mtandao ulikuwa unapatikana juu ya jiwe moja kubwa, ukishuka chini simu inakuwa tochi. Nilikuwa napanda Jumapili na Alhamisi, napakua kila kitu cha siku tatu nne, natuma nilichoandika, nashuka. Na nikwambie ukweli, nilisoma vizuri kuliko nilipohamia mjini kwenye mtandao wa nguvu, maana chini kule hakukuwa na cha kunivuruga. Hata ukiwa mjini Buhongwa jifanyie jiwe lako: siku mbili za kupakua, siku nyingine zote data imezimwa.

Kuna aplikesheni inaitwa Kiwix, ukiipakua unaweza kuweka Wikipedia ya Kiswahili nzima kwenye simu na ukaisoma bila bando. Kazi zako ziweke sehemu mbili, kwenye simu na kwenye flashi, au jitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe, kwasababu simu za mwaloni zinaanguka majini, yangu ilianguka nikiwa nimeandika kurasa 11. Na asaimenti itume siku mbili kabla, ile siku ya mwisho saa 5 usiku ndio umeme unakatika na mtandao wa chuo unaelemewa kwa wakati mmoja.

Kusoma kwenyewe

Kusoma mstari kwa mstari na kupiga rangi ya njano kila mahali sio kusoma. Kuna Mjerumani mmoja, Ebbinghaus, 1885 aliandika namna mtu anavyosahau, sehemu kubwa inapotea haraka sana siku za mwanzo. Na watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, 2006 walionyesha kwamba wanafunzi waliofunga kitabu na kujaribu kukumbuka walibaki na mengi baada ya wiki kuliko waliorudia kusoma tu. Mimi natumia hivi: dakika 15 nasoma, nafunga, dakika 10 zilizobaki naandika kwenye daftari ninachokumbuka bila kuchungulia. Aibu ya mwanzo utaizoea, unaandika mistari mitatu afu kichwa cheupe. Hapo ndio unafungua kuangalia ulichosahau, hicho ndio cha kukazia. Kesho narudia kukumbuka, siku ya tatu tena, baada ya wiki tena, dakika tano tano tu. Siku za giza wakati nasubiri mitumbwi alfajiri hiyo ndio kazi ninayofanya, sihitaji simu wala mwanga.

Kiingereza ndicho kinachoangusha wengi. Usijaribu kukariri aya za Kiingereza. Soma, afu jieleze kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kama ndio unachoota nacho, ukielewa ndio unarudi kutafuta maneno ya Kiingereza ya kukijibia mtihani. Mimi nina daftari la maneno, kila siku manne, na kila neno nimelitungia sentensi ya mwaloni.

Kipeleke kazini wiki hiyohiyo

Nilipofika mada ya gharama kwenye moduli ya hesabu za biashara niliisoma mara tatu haiingii. Gharama za moja kwa moja, zisizo za moja kwa moja, nikawa nakariri. Asubuhi moja nikachukua kauntabuku nikamfuata mama tajiri wangu, amekaa kwenye ndoo anaangalia magunia yakishonwa.

"Mama, hili gunia umepata faida shilingi ngapi?"

"Elfu thelathini mwanangu. Si nimenunua laki na ishirini, nauza laki na nusu."

Nikamwambia tuandike pamoja. Wabichi 120,000. Wale vijana wa kubeba kutoka mtumbwini mpaka kwenye chanja? 5,000. Wamama wa kuanika na kugeuza? 10,000. Gunia lenyewe na kamba, 2,000. Ushuru 3,000. Gari mpaka Kirumba 8,000. Nikajumlisha mbele yake, 148,000. Mama akaichukua ile kauntabuku, akaifunga, akaifungua tena, akapitisha kidole kwenye kila mstari. "Kwahiyo mimi gunia zima nimebakiza elfu mbili?" Na hapo hatujaweka siku ambayo mvua inanyesha wanaoza.

Tukakaa pale mpaka jua likawa kali. Tukaona kwamba gari analokodi peke yake angeweza kukodi na mama mwingine wakagawana, na kwamba zile anazoanika chini kwenye mchanga zinashushwa bei sokoni wakati vibarua wanalipwa sawasawa na wa chanja, kwahiyo mchanga ndio unamla. Mwezi uliofuata mbao za chanja zikaongezwa.

Ile mada sikuisoma tena mpaka mtihani, na kwenye mtihani ilitoka, na nikiandika nilikuwa namwona mama anapitisha kidole. Sasa wewe kila wiki jiulize, hiki nilichosoma nakipeleka wapi kabla ya Jumapili? Unasoma usafi wa chakula, badilisha kitu kimoja jikoni kwako. Unasoma kompyuta, tengeneza jedwali la michango ya kikoba chenu. Unasoma ualimu, keti na mtoto wa jirani umfundishe sehemu. Mada ambayo kweli huwezi kuipeleka popote ipo, zipo kadhaa, hizo utazisoma kwa ajili ya mtihani tu, lakini zisizidi zile nyingine.

Kikundi, lakini kidogo

Kundi la chuo la watu 240 ni la matangazo na salamu za asubuhi, hilo sio kundi la kusoma. Tafuta wanne au watano, ikiwezekana mnaokaa karibu. Sisi tuko watano, mmoja Nansio, mmoja Sengerema, mmoja Nyegezi, mmoja Pasiansi na mimi. Jumapili saa 3 usiku kila mtu anarusha sauti ya dakika tatu anaeleza kitu kimoja alichosoma wiki hiyo, kwa maneno yake, na wengine wanamuuliza swali mojamoja. Kama hujasoma unasema tu sijasoma, hakuna kumcheka mtu, ila usiposikika kabisa Jumapili mbili mfululizo mmoja anakupigia simu, simu ya kuongea sio ujumbe. Mwenzetu wa Sengerema aliwahi kupotea namna hiyo, kumpigia kumbe kafiwa na baba na alikuwa ashaamua kuacha. Tulienda msibani watatu. Baada ya arobaini alirudi.

Mwalimu wako naye sio jini. Muulize. Ila muulize swali lililoshikika, "moduli ya 3 ukurasa wa 42 sijaelewa kwanini hapa wamegawanya," atakujibu. Ukimwandikia "mwalimu sielewi" hana pa kuanzia.

Siku ya mtihani

Kitambulisho na karatasi ya usajili viandae wiki kabla, kwenye mfuko wa nailoni, maji ya ziwa hayana adabu. Kama unatoka Ukerewe au kisiwa chochote usitegemee chombo cha asubuhi ya siku hiyohiyo, upepo ukichafuka umekwisha, vuka siku moja kabla ulale kwa ndugu. Wa Sengerema wamepata ahueni tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ile foleni ya kivuko ya kukutoa jasho haipo tena, lakini bado toka mapema. Kula, lala, usisome usiku kucha. Kwenye chumba anza na swali unalolijua vizuri hata kama ni la mwisho kwenye karatasi.

Ukifeli somo, andika siku hiyohiyo maswali yaliyokushinda ungali unayakumbuka, peleka kwenye kikundi, afu ulizia tarehe ya kurudia. Mimi hesabu za QT nilizifeli mara ya kwanza, nikarudia mwaka uliofuata nikapita.

Yule mama tajiri mwezi wa 2 mwaka huu alinishika mkono akaniambia nimsindikize kumwandikisha binti yake QT, binti ana miaka 22 na mtoto wa miaka minne. Tulienda watatu, mtoto akabaki kwa dada wa chai. Sasa hivi kikundi kina watu sita. Jumapili hii ni zamu ya binti kueleza namna mmea unavyojitengenezea chakula, na jana nimemkuta chini ya chanja, daftari limefungwa, anamweleza mtoto.